Mala Iliyokataa Kuganda

Jumatatu asubuhi Adero alifunua tangi la mala, yale maziwa ya kugandisha, akachota kwa upawa mrefu, na kilichomiminika kilikuwa maji meupe. Akachota upande wa pili. Maji meupe vilevile. Maziwa hayo yalikuwa yamepokewa Jumamosi, yakachemshwa, yakatiwa chachu Jumapili mchana. Kufikia saa hiyo yalipaswa kuwa yameshikana vizuri. Alisimama na upawa mkononi, matone yakimdondokea kwenye buti, kisha akaurudisha ndani mara ya tatu, kana kwamba tangi lingebadilisha nia.

"Ni dawa," alisema Mercy, mwenzake wa maabara, baada ya kungoja dakika nane na kuinua kikaratasi cha kupimia kwenye mwanga wa dirisha. Mstari mmoja badala ya miwili. "Kuna ng'ombe amedungwa sindano ya kiwele, na mtu akaleta maziwa kabla siku tatu ziishe."

Dawa hiyo haihitaji kuwa nyingi. Ikishaingia tangini huua chachu, na maziwa hukaa tu hivyo hivyo mpaka yaharibike. Kufikia saa nne lita elfu nane zilikuwa zimemwagwa, na kiwanda kizima, pale nje kidogo ya mji wa Eldoret, kilikuwa kikinong'ona.

Adero ndiye aliyekuwa mkuu wa ubora. Alitoka kwao Siaya miaka kumi na minne iliyopita, akaja kushika kazi ya miezi mitatu, na baridi ya Uasin Gishu ikamzoea. Alikuwa mtu wa kupanga vitu. Buti zake zilikuwa na jina lake, kalamu zake hazikupotea, na tukio lolote likitokea alilijazia fomu siku hiyohiyo. Fomu ilikuwa na nafasi iliyoandikwa SABABU, yenye mistari mitatu. Hakuhitaji yote mitatu. Aliandika: "Uzembe wa mpokeaji maziwa, Stephen Kigen. Hakupima."

Kigen aliitwa kabla ya chai. Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, mwenyeji wa Ainabkoi, na miaka sita alikuwa amesimama getini akipokea mitungi ya wakulima. Aliwajua kwa majina, na ng'ombe wao pia. Alivua kofia akasimama mbele ya meza.

"Madam, Jumamosi lori la Ainabkoi liliingia saa sita badala ya saa tatu. Barabara ilikuwa matope matupu. Foleni ilifika mpaka nje. Kipimo cha dawa ni dakika nane kwa kila mitungi kumi, na maziwa yameanza kupata joto. Nilipima yote isipokuwa mitungi thelathini ya mwisho. Hiyo nilinusa, nikaweka spiriti nione kama maziwa yatakatika, nikaona iko sawa, nikapitisha."

"Kwa hivyo ulijua hujapima dawa."

"Nilijua. Lakini si kupenda kwangu, Madam. Watu walikuwa wananipigia kelele kila upande."

"Kila mtu huwa na sababu, Kigen."

"Na huyo mwenye ng'ombe je? Huyo ndiye mwenye makosa. Anajua ng'ombe wake amedungwa, na bado analeta. Hiyo ni tamaa tu, hakuna kingine."

"Tunazungumza juu yako."

Kigen alimtazama. Alikuwa na neno, akalimeza, na Adero akajua ni neno gani, maana lilimkwama yeye pia. Jumamosi Adero alikuwa amempigia Kigen simu mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Kigen, unalala huko? Mashine imesimama! Wacha hayo maziwa yaingie!"

Kigen alivaa kofia yake, akaambiwa akae nyumbani mpaka kikao cha Ijumaa, akaondoka.

Siku hiyo Adero hakukaa kitini dakika tano mfululizo. Alikwenda getini, akarudi. Alisuuza vikombe vilivyokuwa safi. Alifungua simu yake akaangalia orodha ya Jumamosi: Kigen, saa sita na dakika kumi, Kigen, saa sita na nusu, Kigen, saa saba kasorobo. Akaifunga, akaifungua tena. Kupiga simu ndiyo kazi yangu, alijiambia. Mkubwa asipofuatilia, nani atafuatilia? Yule ndiye aliyekuwa na vipimo mkononi, si mimi. Maneno yalikuwa sawa kabisa. Shida ni kwamba ilimbidi ayarudie kila baada ya nusu saa.

Jioni, nyumbani Kapsoya, mume wake Joash aliingia chakula kikiwa kimepoa. Alikuwa mwalimu huko Kesses.

"Umechelewa tena," Adero alisema. "Ungekuwa unajali ungeondoka mapema."

"Mkutano wa wazazi ulivuka saa. Halafu nikakosa gari."

"Kila siku kuna kitu."

Joash alivua viatu polepole. "Wiki jana uliposahau kumchukua Marion kwenye kwaya, ilikuwa nini?"

"Ilikuwa mvua! Mji mzima ulikuwa umesimama."

"Unaona? Wewe ukichelewa ni mvua, Mama Marion. Mimi nikichelewa ni tabia." Akacheka, maana kwake yalikuwa mazungumzo ya kawaida ya jioni.

Adero hakucheka. Alimsimulia habari ya Kigen, haraka haraka, kama mtu anayemwaga kitu kizito. Joash alisikiliza huku akila, kisha akauliza swali moja.

"Na zile simu zako uliziandika kwenye fomu?"

"Simu hazikupitisha maziwa."

"Sijasema zilipitisha. Nimeuliza kama uliziandika."

Adero aliinuka kwenda kuosha vyombo, akakuta binti yao Marion ameviosha zamani. Akaanza kupanga upya kabati.

Jumanne na Jumatano kila mtu kiwandani alikuwa na maelezo yake kumhusu Kigen. Jikoni walisema ana shida na mkewe, na mtu mwenye shida nyumbani hana macho kazini. Dereva mmoja alisema ni pombe, ingawa alipobanwa alikiri hajawahi kumwona akinywa. Meneja, Bwana Shitanda, alimwita Adero ofisini akafunga mlango.

"Hawa watu wa Ainabkoi wanalindana," alisema. "Huyu aliona mtungi wa mtu wao, akapitisha. Mimi nimewajua miaka mingi."

Adero alifungua mdomo kusema kwamba mitungi yote ya lori lile ilitoka Ainabkoi, na kwamba Kigen mwenyewe mwezi uliopita alikataa maziwa ya binamu yake mbele ya watu. Badala yake alitikisa kichwa kidogo, kutikisa ambako kungeweza kuwa ndiyo au hapana, akatoka. Kwenye korido alijikuta amekunja ngumi ndani ya mfuko wa koti. Je, yeye mwenyewe, Jumatatu alipoandika lile neno la uzembe, hakuna kasauti kalikopita kichwani kakisema "hawa watu hawapendi kuharakishwa"? Kalikuwepo. Kalipita haraka, lakini kalikuwepo.

Alhamisi hapakuwa na mtu wa getini. Mtu wa zamu ya pili alikuwa mgonjwa, na Adero akasema atapokea mwenyewe. Alifikiri ataonyesha jinsi kazi inavyofanywa. Alivaa koti la mvua, akapanga vikaratasi vyake mezani, akaweka saa ya kuhesabu dakika karibu na mkono.

Malori mawili ya kwanza yalikwenda vizuri. Mitungi kumi, kipimo kimoja, dakika nane, andika, pitisha. Kisha mvua ikashuka, ile ya Aprili inayokuja na mawe madogo, na lori la tatu likakwama kwenye mteremko. Lilipofika, nyuma yake kulikuwa na mawili mengine na pikipiki kadhaa zilizofungwa mitungi. Wenye pikipiki waliingia chini ya paa wakimkandamiza mezani. Mmoja alisema maziwa yake yakiharibika hapa yeye atamwaga mlangoni. Simu ikalia. Ni Shitanda.

"Adero, mashine inangoja."

"Inakuja, Bwana Shitanda. Kuna foleni."

Dakika kumi hazikupita. "Adero, nini mbaya huko? Umeme tunachoma bure."

Katikati ya hayo alitokea mama mzee, skafu imelowa, viatu vya plastiki vimejaa tope. Alisimama pembeni ya meza kwa heshima, akingoja aangaliwe.

"Ninamtafuta Kigen," alisema. "Mimi ni Mama Chelimo, wa kule juu Ainabkoi."

"Kigen hayuko, Mama. Una mtungi?"

"Sina leo. Nimesikia amesimamishwa kazi. Ilikuwa ng'ombe wangu." Alisema hivyo bila kupunguza sauti, na mwenye pikipiki aliyekuwa karibu akageuka. "Daktari wa mifugo alisema siku tatu. Mzee wangu akalazwa hospitali, nikakaa naye. Nikamwambia jirani anikamulie, na maziwa ya huyo mwekundu ampe ndama. Yeye alisikia mweupe, ya mwekundu yakaja hapa. Nimekuja ili muandike jina langu, msimwandike kijana wa watu."

Saa ya dakika ililia. Adero alisoma kikaratasi, akaandika, akapitisha mitungi kumi. Alitaka kumwambia yule mama akae. Alitaka kumuuliza hali ya mzee. Simu ikalia tena mfukoni, ikaacha, ikalia. Alipoipokea, Shitanda alipiga kelele kiasi cha kusikika na wenye pikipiki: "Kwani kuna mtu anapokea maziwa huko au mnakunywa chai?"

Mbele yake ilibaki mitungi ishirini. Adero aliinamia mmoja, akanusa. Akainamia wa pili. Aliweka spiriti, hayakukatika. Maziwa mazuri, mazito, ya baridi.

"Pitisha," aliwaambia wabebaji.

Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Halikumuuma hata kidogo lilipotoka. Ni baadaye tu, mvua imekatika, Mama Chelimo amekwenda kutafuta gari, Adero akifuta meza, ndipo alipoviona vikaratasi viwili vimebaki kwenye pakiti vikiwa vikavu. Akatazama nyuma kama kuna aliyeona. Wabebaji walikuwa wakiosha sakafu na kuimba.

Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa mvua. Cha pili, Shitanda na simu zake. Cha tatu, Mama Chelimo aliyekuja wakati mbaya. Vyote vilikuwa kweli. Aliviweka kwenye mstari mmoja baada ya mwingine, na alipofika mwisho akatambua kwamba alikuwa akisimulia hadithi ya Kigen, neno kwa neno, na lile neno alilomwandikia halikuwa limemjia kichwani hata mara moja.

Ijumaa alifika kabla ya mlinzi kubadilishana zamu. Alifunua tangi, akachota. Mala, iliyotiwa chachu jioni ya jana yake, ilikuwa imeganda, laini, ikitetemeka kwenye upawa. Hakukuwa na dawa. Mercy alipita akasema, "Leo imetoka safi sana, Madam," na Adero akaitikia. Hakuna mtu ambaye angejua. Hakukuwa na fomu ya kujaza, maana hakukuwa na tukio. Alitembea kutoka maabara mpaka stoo, kutoka stoo mpaka choo, akanawa uso, akarudi maabara, na saa nne ikafika.

Kikao kilikuwa cha watu wanne: Bwana Shitanda, Wacera wa idara ya wafanyakazi akiwa na daftari lake, Kigen, ameketi wima, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na Adero. Wacera alisoma maelezo ya Jumatatu kwa sauti. Neno "uzembe" lilisikika kubwa kuliko lilivyokuwa kwenye karatasi.

"Kigen, una la kusema?" Wacera aliuliza.

"Nilishasema. Nilizidiwa. Sikupima mitungi thelathini. Sitakana."

"Mimi naona iko wazi," Shitanda alisema. "Mtu asiyejali kazi hawezi kukaa getini. Adero, malizia tuandike."

Adero alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Jumamosi nilimpigia Kigen simu mara tatu," alisema. "Nilimwambia awache maziwa yaingie. Nilisema maneno hayo hayo. Sikuyaandika." Alisikia kalamu ya Wacera ikiacha kuandika. "Na jana nimepokea mimi. Nimepitisha mitungi ishirini bila kupima dawa."

Shitanda alikuwa wa kwanza kujibu.

"Lakini ya jana imeganda."

"Imeganda kwa bahati."

"Basi hakuna kilichoharibika! Kwa nini unatuletea mambo ya bahati hapa?"

"Kwa sababu nilifanya kitu kilekile. Jumamosi kulikuwa na dawa kwenye mtungi, jana haikuwepo. Tofauti ni hiyo tu. Mvua ni ileile, foleni ileile, na simu..." Alisita, akamtazama meneja. "Simu pia."

Uso wa Shitanda ukabadilika rangi. Adero alimgeukia Kigen, akitazamia sijui nini. Pengine shukrani. Pengine hata kutikisa kichwa.

Kigen alikuwa amekunja uso. "Wewe, Madam?" alisema. "Wewe ndiye ulitufundisha hicho kipimo. Ulitusimamisha hapo nje siku nzima ukituambia maisha ya mtoto wa mtu yanategemea hizo dakika nane. Na ukaenda ukafanya hivyo, wiki hiyohiyo, na mimi nimeketi nyumbani kwa sababu yako?"

"Nililemewa, Kigen."

"Mimi ndiye nililemewa. Wewe ulikuwa unajua. Hiyo ni dharau."

Ilimchoma kuliko chochote Shitanda alichoweza kusema. Alitaka kujitetea, kueleza tena mvua na simu na mama mzee, na maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Akaketi.

Wacera alikohoa, akasema wapumzike dakika kumi. Zilipoisha, mambo yaliamuliwa haraka. Kigen angerudi kazini Jumatatu na barua ya onyo. Adero naye angepata barua. Kiti cha naibu meneja, ambacho Shitanda alikuwa amemdokezea tangu Januari, hakikutajwa siku hiyo wala siku nyingine. Ilichukua mwezi mzima wa kubishana mpaka Shitanda akubali mtu wa pili getini siku za mvua. Walimtoa Wabuge, mfanyakazi wa stoo, akaja akinung'unika, na baada ya wiki mbili akaacha kunung'unika.

Watu sasa walikuwa na kazi ya kutafuta maelezo kumhusu Adero. Mercy alimwambia waziwazi kwamba jikoni wanasema aliogopa vikaratasi vitahesabiwa, ndiyo maana akawahi kukiri. Wengine walisema ameguswa kanisani. Shitanda alimwambia Wacera, na Wacera akamwambia Mercy, kwamba mwanamke yule alitaka tu kumwaibisha bosi wake. Adero aliyasikia yote. Kila moja aliligeuza, akaliangalia kama linamfaa.

Kigen alikaa majuma sita bila kumwambia lolote zaidi ya "Habari ya asubuhi" na idadi ya mitungi. Kisha Jumatano moja, foleni ikiwa fupi na jua likiwaka juu ya matope, Adero alipita getini kuchukua daftari, Kigen akaongea akiwa amempa mgongo.

"Ile maziwa ilikuwa ya Mama Chelimo. Nimeambiwa."

"Ndiyo. Alikuja kukutafuta."

"Alinifundisha shule ya Jumapili." Kigen alizungusha mfuniko wa mtungi mkononi. "Mzee wake amelazwa muda mrefu. Mtu akiwa na mgonjwa hawezi kukumbuka kila kitu."

Adero alikumbuka lile neno "tamaa," jinsi Kigen alivyolitamka siku ile ofisini akiwa na uhakika kabisa. Hakumkumbusha.

"Na wewe," Kigen alisema, sasa amegeuka, "kwa nini ulisema pale kwenye kikao? Maziwa ilikuwa imeganda. Hakuna mtu angejua."

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli, na Adero naye akataka kumpa jibu la kweli. Akaanza kusema ni haki, akaliacha neno hilo, maana usiku wa kuamkia Ijumaa hakufikiria haki hata kidogo. Akafikiria ile pakiti na vikaratasi viwili. Aliogopa, ndiyo, lakini angeweza kuvitupa. Akamfikiria Joash akivua viatu. Akafikiria jinsi Shitanda alivyokuwa amekaa kwenye kiti kile, amejiegemeza, na labda kweli yeye mwenyewe alitaka kumwona akibadilika rangi.

"Sijui, Kigen," alisema. "Kila nikifikiri nimejua, naona kuna kingine."

Kigen alimtazama kama anayepima kama ni jibu au ni kukwepa. Lori liliingia likapiga honi, Wabuge akakimbia kufungua mlango wa nyuma, na mitungi ikaanza kushushwa. Kigen aliokota kikaratasi, akakichovya, akabonyeza saa. Adero alijua anangojewa maabara. Alibaki amesimama pale, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, mpaka dakika zote nane zikaisha.